Amosi wa Kuku na Bafu la Mama Mkwe

Siku ya mnada, Amosi husikika kabla hajaonekana. Utamkuta katikati ya matenga yake, kofia kisogoni, jogoo kwapani, akiwatania wanawake walioleta kuku. "Huyu mtetea, mama, umemlisha karanga? Mbona mzito kuliko mimi?" Nao humjibu, "Wewe umelishwa maneno!" Mnada mzima hucheka. Hununua kuku wa kienyeji katika vijiji vya huku kwetu, huwafunga kwenye pikipiki, matenga yamepanda mpaka juu ya kichwa chake, na kuwapeleka Singida mjini. Kwao ni Ulemo. Ukimuulizia huko kwa jina tu hawatakuelewa upesi. Sema Amosi wa kuku.

Huyo ni Amosi wa watu. Ninayemjua mimi ni mwingine kabisa. Ni mume wa binti yangu Peniel, na tangu alipomwoa sijamsikia akiinua sauti uani kwangu. Akija kwangu Kinampanda huizima pikipiki kule barabarani na kuisukuma mpaka nyumbani, na kuku wenyewe hunyamaza kana kwamba nao wamefundwa. Husimama kwenye kona ya jiko, uso kaugeuzia shamba la alizeti, na kusema, "Shikamoo, mama." Nami nikiwa ndani, au nimegeukia upande mwingine, hujibu, "Marahaba, baba. Watoto hawajambo?" Basi.

Katika ukoo wa mume wangu, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali chungu kimoja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye kijia, mkwe ndiye huacha njia na kuingia majanini mpaka mama apite. Watu wa siku hizi husema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mimi nimesoma, nimefundisha Jiografia sekondari mpaka nikastaafu, na sikuyaacha. Jina la nyumba hutunzwa kila siku kama moto wa jikoni, ukilala, linazimika.

Ndiyo maana alichonitendea mkwe huyu kinanistaajabisha mpaka leo. Nakiandika ili wajukuu wangu wamjue baba yao kwa jambo lingine zaidi ya kuku.

Nyumba ninayoishi ilijengwa na marehemu mume wangu, Nathan, aliyekuwa bwana mifugo. Alikuwa mrefu, mtu wa kuinama kila mlangoni. Katika kitongoji chetu yetu ilikuwa nyumba ya kwanza kuwa na bafu ndani, na sakafu yake Nathan aliipiga niru ya saruji kwa mkono wake mpaka ikang'aa kama sahani. Wageni waliomba kuliona. Lakini bafu nalo huzeeka. Rangi ilibanduka, mlango ukaoza chini, dirisha lilikuwa dogo la kupita paka tu, na ile sakafu ya kung'aa, ikipata sabuni, iliteleza kama mlenda.

Mwaka jana, alizeti zilipokuwa zimeanza kuinamisha vichwa, nikaanguka humo. Sikuvunjika, ila nyonga ilishtuka na sikuweza kuinuka. Aliyenikuta ni wifi yangu Agripina, dada yake Nathan, anayekaa ng'ambo ya shamba letu. Alinifunika kanga, akaninyanyua, akanilaza. Nilipoanza kupumua vizuri, akakaa kitandani akanitazama.

"Leo nimeyaona yote ya mwalimu," akasema. "Siku ukinikasirisha, nayatangaza mnadani."

"Ukimwambia mtu, wifi, mimi na wewe basi."

Hakumwambia mtu. Alimwambia Urbano, mwanangu mkubwa aliyeko Dodoma, ambaye kwa hesabu ya Agripina si mtu, ni mtoto wa kaka yake. Urbano akapiga simu jioni hiyohiyo.

"Mama, alizeti zikishavunwa nakuja na gari. Utakaa kwangu."

"Na nyumba ya baba yako?"

"Tutaifunga."

"Nyumba ya Nathan ifungwe nami ni mzima? Watu watasema ukoo umekwisha."

"Waseme wanavyotaka. Sasa hivi unaogeshwa na shangazi, na shangazi naye magoti hana. Siku utakapoingia bafuni na kutoka bila kushikwa na mtu, nitanyamaza. Mpaka siku hiyo, mama, funga mizigo."

Ilikuwa kweli. Kila asubuhi Agripina alivuka shamba kuja kuniogesha kama mtoto, akiimba kwa makusudi nyimbo za kubembelezea wachanga. Kuifunga nyumba ile kulikuwa kama kumzika Nathan mara ya pili, na safari hii ningekuwa nimeshika jembe mimi mwenyewe.

Nilimwita fundi mmoja wa kitongoji jirani. Alichungulia, akasema livunjwe lote, kisha akaenda kilabuni kusimulia beseni langu lina rangi gani. Sikumwita tena.

Hapo Peniel akasema, "Mama, mwachie Amosi. Banda la kuku kalijenga mwenyewe, jiko langu kalipiga lipu mwenyewe. Asichokijua hukitazama kwenye simu."

Agripina alicheka mpaka akashika ukuta. "Banda la kuku! Wifi, atakuwekea kichanja, uoge umesimama kwa mguu mmoja!" Kisha cheko likamkatika. "Lakini jamani, mkwe aingie bafuni kwa mama mkwe? Kaka yangu atafufuka atuchape wote."

Alikuwa amesema lililokuwa moyoni mwangu. Bafu la mama mkwe ni mahali ambapo mkwe hatazami hata mlango wake. Nikamwambia Peniel haiwezekani, akarudi Ulemo na neno hilo. Siku ya pili alikuja na jibu la mumewe, akalisema amesimama, mikono nyuma, kama alivyotumwa.

"Amosi anasema hivi. Bafu ni yule anayeoga na vitu vyake. Mama akihama na beseni lake, na dodoki lake, na kigoda chake, na mlango ukang'olewa, hapo kitabaki chumba kitupu tu. Chumba kitupu mkwe anaweza kukijenga. Siku mlango utakaporudishwa, mguu wake hautakanyaga humo tena mpaka anazikwa."

Agripina alinitazama, nami nikamtazama.

"Huyu kijana haya kayatoa kwenye simu?" akauliza.

"Haya hayatoki kwenye simu," nikasema. "Haya kafundishwa na mama yake."

Nikahama. Agripina alijitwika beseni, kigoda na dodoki juu ya kichwa, akatangulia mbele yangu shambani akipiga vigelegele kana kwamba anampeleka bibi harusi. Mlango wa bafu uling'olewa, ukaegemezwa nje. Kuanzia hapo sikusogelea nyumba yangu. Nilikaa uani kwa wifi, nyuso za alizeti zikiwa kati yangu na kwetu, nikisikiliza nyundo.

Habari nilizipata kwa Peniel, alipoleta chakula cha mchana. Amosi alianza kwa kuigongagonga sakafu kwa tindo, ili saruji mpya ipate pa kushika. Mchanga aliuchukua mtoni, ule wa chembe kubwa, akauosha mpaka maji yake yakatoka safi. Mzee Sajjad, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Singida mjini na mteja wake wa kuku, alimpa vipande vya marumaru vilivyovunjikia stoo, vya kila rangi, akashangaa mtu anafurahia takataka. Amosi alivipanga kimoja kimoja kwenye saruji mbichi, akiacha nafasi kati yake. Alimweleza mkewe kwamba mguu wenye maji hushika kwenye mifereji, kama kuku anavyoshika kijiti.

"Nilisema mimi!" Agripina akapiga kofi. "Kichanja hicho!"

Hakuwa fundi, na kuna siku ilionekana. Peniel alikuja amelowa pindo za gauni. "Tumefurahi mapema, mama. Amemwaga ndoo ya maji ajaribu, maji yote yakaja sebuleni kunisalimia."

"Angalau yana adabu," akasema Agripina.

Mtu mwingine angelaumu saruji. Amosi, alivyosimulia Peniel, alikaa kizingitini akacheka peke yake, kisha akachukua tindo akavunja kazi yake mwenyewe kabla haijakauka sawasawa. Safari ya pili alifunga uzi kutoka mlangoni mpaka kwenye tundu la maji, akaufuata uzi huo kwa mwiko, na maji yakajua pa kwenda.

Kisha akageukia nje. Alijenga mnara mfupi wa matofali nyuma ya ukuta wa bafu, juu yake akaweka pipa alilolipaka rangi nyeusi, bomba likapenya ukuta na kuishia kwenye koki ndani. Jua la kwetu, ambalo tumelilalamikia miaka yote, likapewa kazi ya kuni. Peniel alimuuliza kwa nini asiliweke pipa darini, lingependeza zaidi. Akamjibu, "Nani atalijaza? Likiwa nje, nitalijaza mimi bila kuingia."

Siku ikafika akasema kazi imebaki mlango tu. Lakini hakuupachika. Alirudi Ulemo akaacha neno: mama aje akague sasa, maana mlango ukishasimama, hata kama kuna kosa, yeye hataweza kulirekebisha. Urbano naye alikuwa amepiga simu. Alikuwa anakuja Jumamosi.

Nilivuka shamba nimeshika bega la Peniel, Agripina nyuma yetu. Nilipofika kizingitini nilivua kandambili bila kujua kwa nini.

Nimeishi ndani ya nyumba ile zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nilisimama pale kama mgeni. Dirisha alikuwa amelipanua na kulitia kioo cha ukungu, na mwanga uliingia taratibu ukajaa chumba kizima. Kuta zilikuwa nyeupe kwa chokaa juu, na buluu ya rangi ya mafuta kuanzia kiunoni kushuka chini. Kwenye kona palikuwa na kiti cha matofali kilichopigwa lipu, pembe zake zimelainishwa zisimuumize mtu. Na sakafu! Vipande vile vya stoo ya Sajjad, vyeupe, vya kijani, vya kahawia, kimoja chenye ua nusu, vilikuwa vimetandazwa kama vilivyoota hapo. Na kuzunguka tundu la maji alikuwa amevipanga vile vya njano, vimeelekea nje pande zote, na ua la alizeti likachanua miguuni pangu.

Agripina naye akavua kandambili zake.

Nilikaa kwenye kiti. Kilikuwa kimo changu. Nikanyoosha mkono kushika bomba la chuma alilolipachika ukutani, ili niinuke. Mkono haukufika. Nilijinyoosha tena. Bomba lilikuwa juu mno, hata nikisimama ningelishika kama mtu anayechuma embe.

"Mbona kaliweka juu hivyo?" nikauliza.

"Alipima, mama," Peniel akasema. "Hakutaka kukuuliza, wala kukutazama. Akazunguka nyumba akitafuta unaposhika. Akapaona kwenye fremu ya mlango wa nyuma, pale mbao zilipong'aa. Akasema mama hushika hapa, akapima toka chini, akalipachika hivyohivyo."

Pale palipong'aa napajua. Kila jioni, miaka yote ya kazi yake, Nathan alisimama mlangoni pale, mkono mmoja kwenye fremu, akavua mabuti yaliyojaa kinyesi cha ng'ombe wa watu, akiniita nimletee maji. Mbao zile zilisuguliwa na kiganja chake. Mimi sikuwahi kuzigusa. Mkwe wangu alikuwa amenitafuta katika nyumba nzima, akamkuta mume wangu.

Nilikaa kwenye kiti kile nikitazama juu, kwenye bomba. Nathan angelishika bila hata kuinua bega.

Peniel alitoa simu. "Ngoja nimwambie Amosi mama ni mfupi."

"Usithubutu."

"Basi nikupime kwa futi, nimpelekee vipimo tu."

"Peniel. Vipimo vya mwili wangu visimfikie mkwe, si kwa futi, si kwa simu, si kwa mdomo wako."

"Sasa, wifi," Agripina akasema kwa upole usio wake, "bomba litakujaje chini? Na Jumamosi ndiyo hiyo."

Nilifikiri. Kisha nikawaambia waniletee majivu ya jikoni kwenye kisahani, na maji kidogo. Nikachovya kiganja. Nikafumba macho, nikajifanya nimemaliza kuoga nami niko peke yangu, nikanyanyuka kama mwili wangu unavyonyanyuka, na mkono ukaenda wenyewe ukutani ukatua. Nilipofumbua macho, kiganja changu kilikuwa pale kwenye buluu, vidole vitano vya kijivu, hata kovu la kidole gumba lilionekana.

"Mwache akute hivyo," nikasema. "Msimwambie kitu."

Tukarudi kwa Agripina. Njiani ndipo nilipoanza kujiuliza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumpa Amosi mkono, wala yeye hakuwahi kuuomba. Nilikuwa nimeuacha ukutani, wazi, na sikujua kama nimelinda heshima ya nyumba au nimeivunja.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Peniel, na amenisimulia mara nyingi kwa kuwa namwomba. Amosi aliingia na tindo akiongea, akimlalamikia mtu wa Sekenke aliyemuuzia kuku wenye mafua. Aliona ule mkono. Alirudi nyuma mpaka kizingitini, akavua kofia, akainamisha kichwa, na kuuambia ukuta, "Shikamoo, mama."

Kisha akaupita kwa mbali, kama anavyonipita mimi kijiani, akafanya kazi kutoka ubavuni. Alitoboa ukuta kushoto kwa mkono na kulia kwake, na bomba la pili likalala sawasawa chini ya vidole, kama kitu kilichokuwa kimeshikwa tayari. Hakufuta hata chembe ya jivu. Peniel alimuuliza lile la juu litaondolewa lini. Akauliza, "Kumbe pale mlangoni palikuwa pa nani?" Akaambiwa. Alilitazama bomba lile, akaligusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Mzee akae." Akaupachika mlango kutoka nje, amelipa bafu mgongo, akafunga matenga yake, akaondoka.

Urbano alifika Jumamosi, na gari lenye nafasi kwa ajili ya mizigo yangu. Alinikuta nimekaa barazani kwangu, si kwa shangazi yake. Sikumpa muda wa kunywa chai.

"Ulisema niingie na kutoka bila kushikwa."

"Mama, sikumaanisha leo leo..."

"Leo leo."

Nikachukua kanga yangu na dodoki, nikaingia, nikafunga. Nilisikia Urbano, Peniel na Agripina wamesimama nje ya mlango, Agripina akipumua kuliko wote. Nilifungua koki. Maji yalikuja ya moto, moto wa jua tu, bila ukuni hata mmoja. Miguu ilishika kwenye mifereji ya marumaru. Nilikaa, nikajisugua, nikajimwagia, maji yakalizunguka ua la alizeti na kuondoka. Nilipotaka kuinuka, mkono ulikwenda wenyewe. Chuma kilikuwa pale. Niliinuka kama ninavyoinuka kanisani wakisema tusimame.

"Wifi, upo?" Agripina akaita. "Au umepanda kichanjani?"

"Nipo," nikasema. "Nioge tena?"

Nilipotoka nimevaa tena kitenge changu, Urbano alinipisha mlangoni. Aliingia yeye, akiinama mlangoni kama alivyokuwa akiinama baba yake. Alisimama juu ya alizeti, akageuka kutazama dirisha, kiti, mkono wa jivu ukutani. Halafu, bila kufikiri, akajishika kwenye bomba la juu. Mkono wake ulifika bila kunyooka.

"Hili kawekewa nani?" akauliza.

Peniel alimweleza. Urbano alikaa humo muda, na sisi tukaenda kutazama chai isiyohitaji kutazamwa. Alipotoka, macho mekundu, alisema tu kwamba mizigo yangu angeipata wapi, hata sanduku sikufunga. Jumapili akarudi Dodoma na gari tupu, isipokuwa jogoo wawili wa Amosi waliowika mpaka barabara kuu.

Mtu ataniuliza nimemshukuruje mkwe wangu. Kwa desturi yetu, kwa kumtumia neno kupitia kwa binti, na nilimtumia. Lakini kila anapopita kwenda kununua kuku, nasikia pikipiki ikizimwa barabarani. Nasikia magurudumu yakisukumwa uani, kisha ndoo, kisha maji yakipanda ndani ya lile pipa, upande wa pili wa ukuta. Mara nyingi huwa nimo bafuni nikipiga deki, nami huacha kila kitu nikasimama kimya, kiganja kwenye bomba langu, mpaka pipa lijae.

"Shikamoo, mama," sauti husema kutoka kwenye kona ya jiko.

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Kisha huisukuma pikipiki mpaka barabarani, na huko mbali, heshima ikiwa imekwisha kutimia, ndipo huiwasha na kuanza kuwapigia kelele kuku wake.